Malimau ya Mchungwa wa Eliaichi

Nyani mmoja wa Vudee alikula tunda la mti wangu, akashuka mlima mzima midomo imemkunjamana, akafika stesheni ya Same, akapumua tu. Pumzi ikatoka kama filimbi, na treni ya Tanga ikaondoka kabla ya saa yake. Hapo nimetia chumvi. Kwenye ukali wa tunda sikutia kitu.

Nilikuwa mshika bendera wa reli pale Same miaka kumi na tisa. Stesheni ni mahali pa kungoja, na anayengoja hupenda hadithi, nami nilikuwa nazo. Nilipotaka ruhusa ya kupanda nyumbani Vudee, bibi yangu alikufa. Katika miaka miwili alikufa mara tatu. Kwa hiyo mwaka 1947, ilipokuja habari kwamba mke wangu Eliaichi amelala na kichomi, mkubwa wa stesheni alicheka, akasema nimsalimie bibi. Siku ya tatu nilitoroka kazi. Nilipofika juu, watu walikuwa wanarudi kutoka kaburini, majembe begani.

Binti yetu Ruthi alinipokea. Alinimwagia maji ya kunawa mikono, akatazama pembeni.

Kilichobaki cha Eliaichi kilikuwa mchungwa. Mche aliuleta mwenyewe kutoka bustani moja huko chini, wa kubebeshwa, yaani wa kuungwa, ameubeba kichwani umefungwa kwa majani ya mgomba. Kila zamu yake ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la mlimani, mchungwa ulikunywa kwanza, maharagwe baadaye. Matunda yake yalikuwa matamu hata wanakwaya walibadilisha njia ili wapite uani kwetu.

Alipokufa, mti nao ulinyong'onyea. Majani yakawa ya njano. Lakini chini kabisa, karibu na udongo, lilitokeza chipukizi nene, lenye afya na miiba mirefu. Mimi ni Mpare, nimekulia migombani. Mgomba ukizeeka unamkata mama, unamwachia mtoto nafasi. Nikachukua panga, nikakata shina la zamani, nikaacha mtoto. Nilijiona mkulima hodari.

Mtoto akakua. Baada ya miaka minne akazaa, matunda ya rangi ya chungwa, ngozi ina vipele. Ruthi, aliyekuwa ameolewa Usangi, alikuja Krismasi hiyo, akachuma la kwanza kabla hajaweka mzigo chini. Aliuma, akafumba macho. Jirani yetu Dorkas alikuwepo, naye ni mtu asiyeacha jambo lipite bila kulipa jina. Akasema Eliaichi aliondoka na kinyongo cha kumngoja mume siku tatu, na kinyongo kimepanda mtini.

Ruthi aliweka nusu ya tunda juu ya jiwe. Krismasi iliyofuata hakuja. Na ya pili hakuja.

Nilistaafu, nikarudi kwenye nyumba ambamo ndizi mbili zilitosha chakula cha jioni. Hadithi nililisimulia birika. Na kila asubuhi nilikula tunda moja la ule mti, lote, bila kukunja uso, maana kama Eliaichi alikuwa ananiambia neno, niliona ni haki yake kusikilizwa mpaka mwisho. Meno yaliingia ganzi. Sikusikia neno.

Siku moja akaja bwana shamba, kijana aitwaye Zebedayo, kukagua kahawa. Nilimpa tunda kwa utani. Alimung'unya, akatoa machozi, akaniuliza kwa nini ninafuga limau kwa kiburi namna ile. Nikamweleza habari ya kinyongo. Hakucheka. Alifungua mkoba wake wa kupimia udongo, akatoa kikaratasi cha buluu, akakidondoshea maji ya tunda. Kikawa chekundu.

"Hii ni asidi, mzee," alisema. "Ndiyo inayouchoma ulimi. Haijui nani alikufa."

Nikataka kujua kwa nini chungwa halina. Akatoa chungwa la Same mfukoni, chakula chake cha njiani, akalipima. Kikaratasi kikawa chekundu vilevile. Hata chungwa tamu lina asidi, alinieleza. Likiiva sukari hupanda na asidi hupungua, ulimi ukasahau. Limau huiva na asidi yake yote. Nikatia vijiko vitano vya sukari kwenye maji ya limau, nikaonja, tamu. Nikapima, chekundu. Maisha yangu yote nilikuwa nimesema na ndimi za watu, na ulimi huongopewa kwa vijiko vitano tu. Kikaratasi hakiongopewi.

Kisha Zebedayo aliinama, akafukua udongo penye kisiki cha zamani. Akanionyesha kovu la kiungo, mahali limau na chungwa yalipofungwa pamoja. Chini limau, kwa sababu ya mizizi yake migumu. Juu chungwa.

"Huyu mtoto ametoka chini ya kiungo. Ni limau tangu kuzaliwa. Chungwa lilikuwa juu. Nani alilikata?"

Nilimwonyesha panga ukutani.

Usiku ule, nawaambia kweli, nililala kama mtu aliyetua mzigo akaokota mwingine. Eliaichi hakuwa na neno na mimi kwenye mti. Ila tawi lake, mimi ndiye niliyelikata.

Nikamwandikia Ruthi habari ya kikaratasi na ya panga. Ukurasa mmoja, hauna nyani, hauna treni. Barua mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika. Jibu lilikuja baada ya mwezi: "Baba, hadithi ya kifo cha bibi ilikuwa nzuri zaidi."

Sikumlaumu. Nilimsihi Zebedayo, akaniletea vijiti vya mchungwa kutoka bustani ileile. Akanifundisha kukata, kuingiza, kufunga kwa ufumwale, zile nyuzi za mgomba. Tawi moja nikalibebesha, la pili nikaliacha limau. Zamu yangu ya maji ikifika, mti ulikunywa kwanza. Maharagwe yalikauka. Miaka mitatu sikumwandikia neno, kwa sababu kila neno langu lilikuwa limeshatumika.

Mwaka 1957 nilijaza kikapu, upande huu machungwa, upande huu malimau. Sikuyachuma mojamoja. Nilikata vitawi, na katikati nikaweka kipande cha kile kisiki cha zamani chenye kovu, panapoonekana ngozi mbili za mti zimeshikana. Juu nikaweka vikaratasi vinne vya buluu. Barua sikuweka. Nilishuka nacho Same, nikampa dereva wa basi la Mwanga, anayefahamiana na watu wa Usangi.

Wiki sita kikapu hakikurudi. Dorkas aliniuliza mara mbili.

Kiliporudi, kilikuwa kizito. Kwetu kikapu hakirudi kitupu, hata kati ya watu waliokosana. Ndani mlikuwa na fungu la sukari, na vikaratasi vyangu vinne, vyote vyekundu. Kwenye kimoja ameandika kwa penseli: "Sukari ni ya malimau. Nakuja Pasaka. Usimsimulie mtu kabla sijafika."

Pasaka ilikuwa bado wiki tisa. Dorkas alipita akauliza kulikuwa na nini kikapuni. Nikamwambia, sukari. Akangoja mengine, kama ilivyo kawaida yangu kuongeza. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikainjika birika, na hata birika sikuliambia.