Chapa ya Kwa Mama Limi

Limi alishindwa kutulia. Alikalia mguu huu, akakalia ule, akainuka. Wenzake walikwisha kuchovya vijiti kwenye chokaa na udongo mwekundu, kila mmoja akichora kwenye ukuta wa darasa chapa ya kwao, ile wanayopigwa ng'ombe wa nyumbani wasije wakapotelea kwenye makundi ya watu wengine. Mwalimu Noela alitaka kila mtoto aoneshe yeye ni nani. Alasiri wazazi wangekuja kutazama.

Kwao Limi hapakuwa na ng'ombe. Waliingia kijiji cha Rwamgasa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na mama yake huosha mchanga wa dhahabu mwaloni, kwenye ubao wa kuuchujia. Mama akija, atatafuta nini ukutani?

Akachungulia kwa Mayala, mwenzake wa kando, akachora upesi: mstari wenye pembe mbili.

"Hee! Hiyo ya kwetu!" Mayala akaruka. "Mwalimu, tumeibiwa ng'ombe mchana kweupe!"

Darasa likaangua kicheko. Limi akatemea kiganja mate ili afute. Mayala akamdaka mkono.

"Yaya, hapana! Usifute. Anayefuta chapa ndiye mwizi hasa."

"Sasa nifanyeje?"

"Ng'ombe akihamia kwa mtu, chapa ya zamani inabaki. Aliyempokea anapiga yake pembeni. Piga ya kwenu."

"Hatuna."

Mayala akakuna kichwa. Mwalimu Noela alikuwa amesogea, hakumgombeza yeyote.

"Limi, mama akifika kazini anashika nini kwanza?"

Limi akachezesha kijiti vidoleni, akakiangusha, akakiokota. Kisha akachora ubao ulioinama, magunia mawili yametandikwa juu yake, na maji yakiteremka.

"Ngazi hiyo?" Mayala akauliza.

"Mwalo wa mama. Magunia ndiyo yanayokamata dhahabu."

"Haya, ng'ombe wetu kahamia mwaloni. Asife kiu tu."

"Maji si hayo, huyaoni?"

Alasiri Mama Limi alifika, khanga imelowa hadi magotini. Akapita chapa moja baada ya nyingine, Limi nyuma yake akiuma kucha. Akasimama.

"Nani kachora mwalo wangu?"

Limi akanyoosha mkono juu.

"Mbona magunia mawili? Dhahabu yote si itakwenda na maji? Mimi natandika matatu."

Limi alikwisha kukimbilia kijiti.