Mto wa Kumi na Mbili

Makoti ya baridi hayana mnunuzi Dar es Salaam, isipokuwa wasafiri wa Makete na Njombe, na hao hawaji kila siku sokoni kwa mitumba Mchikichini. Yanayobaki mimi huyachukua kwa bei ya tambara, nikatoa zipu, vifungo na kitambaa cha ndani. Kabla sijafumua koti, nakata kwanza lebo yake. Jioni mjukuu wangu Ummy, aliye kidato cha tatu, hunisomea.

Kiingereza sikukisoma cha maana. Darasa la saba letu Kiingereza kilikuwa cha kumwamkia mwalimu na kuketi. Lakini macho nayo hujifunza. Baada ya lebo kama mia hivi niliona kwamba neno "made" haliendi peke yake, lina kijineno kinachotembea nyuma yake. Kikiwa "in", mbele yake kuna jina la nchi. Kikiwa "from", mbele yake kuna pamba au sufu ya kondoo. Na "filled", ambalo ni kujazwa, siku zote linafuatwa na "with", halafu ndipo kinatajwa kilichojazwa.

"Kwa nini lisifuatwe na 'in'?" nilimuuliza Ummy.

"Mwalimu kasema tukariri tu, bibi."

"Aliyepanga hakutoa sababu?"

"Bibi bwana! Maswali yako yakitiwa kwenye mtihani tutafeli shule nzima."

Nikamuuliza, hivi vitu vyote vimetengenezwa na kujazwa na kushonwa, mbona aliyevishona hatajwi? Akaniambia lipo neno lake, "by", yaani na fulani. Tukapekua lebo zote usiku ule. Tulipata moja tu, ya gauni la mtoto, imesema limeshonwa kwa mkono.

"Mkono wa nani?"

"Haijasema," akajibu Ummy, akapiga mwayo.

Sasa, Mama Krupa. Jina lake hasa ni Kamla, lakini mimi nimemwita Mama Krupa tangu huyo Krupa anasoma chekechea, na ninamshonea mito na magodoro ya watoto miaka hiyo yote. Anakaa Kisutu, ghorofa ya pili. Mwaka huu Krupa alikuwa anaolewa, na kabla ya harusi wazee wa ukoo wangekaa chini, nyumbani kwao, kufanya sala. Mama Krupa akataka mito kumi na miwili ya kukalia, kitambaa chekundu cha pamba chenye ukingo wa njano, alichokinunua mwenyewe Mtaa wa Uhuru.

"Ndani sufi tupu, Bi Waridi. Unaijua nyumba yangu."

Naijua. Nyama haiingii, yai haliingii, hata mkanda wa ngozi mgeni anauvua mlangoni. Kitu kilichomtoa mnyama roho hakiwekwi chini ya mtu anayesali.

Sufi niliinunua Kariakoo, gunia zima, nikaichambua siku tatu. Ina mbegu ndogo nyeusi kama pilipili manga, ukiziacha zinamchoma mtu. Kukata na kuchambua ni kazi yangu. Kujaza na kufunga mshono ni kazi ya Shomari, fundi mwenye cherehani pale barazani Msimbazi. Mkono wake ni mwepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Ana tabia moja: hamalizi nguo bila kuitia lebo ya mtumba, zile nilizokwisha kusomewa namwachia. Nilipomkuta anazibandika kwenye mito ya Mama Krupa nikamwambia, "Shomari, mito hii si ya dukani."

"Bi mkubwa, mto bila lebo ni sawa na bwana harusi bila kofia. Utamjuaje?"

Nikacheka, nikamwachia. Alipokuwa anajaza wa kumi na moja nikaacha mfuko wangu wa makoti pale pale, nikaondoka kwenda kuswali adhuhuri na kupika. Niliporudi alasiri, mito yote kumi na miwili ilikuwa imefungwa kwenye shuka. Sikuhesabu wala sikubonyeza. Siku ile ile, Jumatatu, tukaifikisha Kisutu.

Jumatano asubuhi Krupa akanipigia simu. "Shikamoo bibi. Mama anasema uje uchukue mito yako."

"Marahaba. Ina nini?"

"Njoo tu, bibi."

Nilipanda zile ngazi nikihesabu kila kosa ninaloweza kulifanya kwenye mto: mshono umeachia, rangi imetoka, mbegu imemchoma mtu. Mama Krupa alinifungulia mlango, nywele zikiwa mbichi. Hakunikaribisha kiti. Mito ilikuwa imepangwa sakafuni, mmoja umetengwa karibu na mlango, umewekwa juu ya gazeti.

"Nimeukalia ule," akasema, akiuonyesha wa gazetini. "Nimesali juu yake asubuhi. Krupa akaja akasoma. Nimeoga mara ya pili, Bi Waridi."

Krupa akainama akanisomea lebo. "Filled with goose feathers. Umejazwa manyoya ya bata bukini, bibi."

Kumbe ni hilo tu! Nikamwambia, "Krupa mwanangu, nisomee na hizi nyingine."

Akasoma. Mmoja ulitengenezwa Ureno. Mmoja ulikuwa na bitana ya hariri. Mmoja usifuliwe kwa maji ya moto. Alipofika kwenye mmoja ulioandikwa saizi ya mtoto wa miaka minne akashindwa kujizuia kucheka.

"Umeona?" nikasema. "Ureno ni wapi na Msimbazi ni wapi? Ni urembo wa Shomari. Kama ule haukutengenezwa Ureno, basi na huu hauna bata. Wallahi, Mama Krupa, ndani ya mito hii yote ni sufi tupu. Niletee wembe."

Mama Krupa alinitazama, kisha akamwashiria bintiye. Wembe ukaletwa. Nikapiga magoti kwenye gazeti, nikakata mshono wa Shomari nyuzi tano, sita, nikaingiza vidole viwili nimwonyeshe.

Kilichotoka kilikuwa unyoya. Mwembamba, wa kijivu, una kimfupa katikati. Feni ilikuwa inazunguka, ukapaa. Ukafuatwa na wa pili. Krupa akakimbilia swichi ya feni, na Mama Krupa akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, ameziba mdomo kwa ncha ya sari.

Nikatoa simu, nikampigia Shomari, nikaweka spika.

"Shomari, mto wa kumi na mbili umeutia nini?"

"Aa, huo! Sufi iliishia kwenye wa kumi na moja, bi mkubwa. Nikachana lile koti la bluu kwenye mfuko wako. Mali ya Ulaya ile, laini kuliko sufi! Nikatia na lebo yake ile ile wasije wakasema tumewadanganya. Vipi, wameusifia?"

Nikakata simu. Yaani lebo kumi na moja zilikuwa za uongo, na ile moja niliyoiapia kuwa ya uongo ndiyo iliyokuwa ya kweli.

"Nani aliujaza?" akauliza Mama Krupa taratibu.

Ningeweza kumtaja Shomari tu, na isingekuwa uongo. "Umejazwa na Shomari," nikasema, "na mimi ndiye niliyeondoka bila kuutazama. Halafu nikakuapia kitu nisichokiona."

"Na hii kumi na mmoja?"

Ulimi ulishafika kwenye wallahi ya pili. Nikaurudisha. Nilimwacha anajaza wa kumi na moja, kweli, lakini nilimwona akiumaliza? Sikumwona.

"Sijui," nikamwambia. "Tuifumue tujue."

Hapo ndipo Mama Krupa alipotoka ukutani. Akakaa sakafuni mbele yangu. Mimi nakata, yeye anaingiza mkono mwenyewe mpaka kwenye kiwiko, anapapasa pembe zote nne, anatoa kidogo, anaipeleka dirishani kwenye mwanga. Wa kwanza sufi. Wa pili sufi. Kwenye wa tano akapata mbegu moja iliyonikwepa, akaigeuza kiganjani.

"Hii ndiyo mbegu ya mti wenyewe?"

"Ndiyo. Ganda lake refu hivi, likikauka linapasuka lenyewe."

"Miaka yote nalalia, sikuwahi kuiona," akasema, akaiweka kwenye kisahani.

Wa kumi na moja ndio uliochukua muda. Aliutoa wote, akautandaza kwenye shuka, akaupitia kama mtu anayechagua mchele. Sufi.

"Kumi na mmoja nitaichukua," akasema. "Ule uondoe, na kitambaa chake. Lakini mgeni wangu wa kumi na mbili atakaa wapi?"

"Nipe mpaka Ijumaa. Nitaujazia hapa hapa mbele yako."

Nikaubeba ule mto ndani ya gazeti lake. Shomari nilimweleza yote. Akaniuliza kama aende akawaombe radhi. Nikamwambia mtu akishaoga mara ya pili kwa ajili yako, mwache kwanza akauke. Kesho yake, Alhamisi, nilifunga saumu kwa ajili ya ulimi wangu ulioapa ovyo, na katika kufunga huko nikazunguka Mtaa wa Uhuru mzima mpaka nikapata kitambaa chenye wekundu unaofanana na ule.

Ijumaa nilifika Kisutu na sufi kwenye mfuko mweupe, nikamfungulia aone kabla sijagusa foronya. Alikaa karibu. Nilipojaza robo, akanyoosha mkono, akaanza kunisaidia kusukuma pembeni. Nikafunga mshono kwa sindano, mfupi mfupi.

Mama Krupa akauchukua, akauweka mbele ya picha za miungu yake, akasimama kidogo. Kisha akaukalia.

"Umeujaza mno," akasema.

"Utashuka," nikamwambia. "Ukalie."

Akaendelea kukaa.