Sahihi ya Nane

Mtu akikuambia jina lako halitaandikwa popote, halafu papo hapo akakuomba namba ya simu, wewe ungemwamini? Basi hata Muhonja hakumwamini. Alimtazama yule bwana toka kofia hadi viatu, akapangusa unga mikononi kwa leso yake, taratibu, apate muda wa kufikiri.

Bwana mwenyewe alijitambulisha kwa jina la Griffins, mtafiti wa maoni, kitambulisho shingoni na tableti mkononi. Alikuwa na adabu zake, tusimsingizie. Tatizo lilikuwa hatua nne nyuma yake, pale kwenye mfereji wa maji wa ploti, ua wao wa vyumba vya kupanga, aliposimama Shiundu, mzee wa Nyumba Kumi, akichokonoa meno na kujitia hamnazo. Kazi ya utafiti ina kanuni: mtafiti akiingia mtaa wa watu, aripoti kwanza kwa mzee wa mtaa, naye mzee amtembeze asije akadhaniwa mwizi. Nadhani walioitunga kanuni hiyo hawajawahi kulala Dandora hata siku moja. Hapa kila mtu alijua Shiundu anakula kwa mheshimiwa mbunge. Maingi wa chumba cha juu alipiga makofi kwenye mkutano wa wapinzani wake, na wiki hiyo hiyo kibanda chake cha viatu kikabomolewa, ati kimeziba mtaro. Na meza ya chapati ya Muhonja ilikaa juu ya mtaro uo huo.

Sasa elewa jambo lenyewe. Mtaani humu, ukipata tiketi ya ubunge ya chama cha Ngazi, uchaguzi unakuwa sherehe tu. Mchujo wa mara iliyopita ulifanywa kwa masanduku, na masanduku yakachomwa moto. Safari hii wakubwa wa chama wakasema utafanywa utafiti wa maoni, atakayeongoza achukue tiketi. Walikuwa wamebaki wawili: mheshimiwa mwenyewe, na Mutheu.

Mutheu aliishi chumba namba nne, ploti hiyo hiyo. Alikuwa karani wa mahakama miaka ishirini kabla ya kustaafu. Barua za kuomba basari za watoto shuleni, za kazi, za kulalamikia maji, zote aliziandika yeye na hakudai hata soda. Siku Muhonja aliposhikwa na uchungu wa Laban na magari yamegoma, Mutheu ndiye aliyesukuma mkokoteni hadi hospitali, Mbithi wa chumba cha tano akivuta mbele. Muhonja hakuwa amesahau. Alimtaka Mutheu apate ile tiketi kuliko alivyowahi kumtakia mtu kitu chochote.

"Wakija, nitajeni bila woga," Mutheu alikuwa amewaambia majirani uani. "Ni siri. Hata mimi sitajua nani kasema nini."

Wakaitikia wote, Muhonja kwa sauti kuliko wenzake.

"Mama," Griffins akauliza, "kama mchujo ungefanyika leo, ungependa nani apeperushe bendera ya chama hapa?"

Muhonja akamtupia Shiundu jicho. Shiundu akaacha kuchokonoa meno. Pengine kijiti kilivunjika tu, nani ajuaye, lakini Muhonja aliikumbuka meza yake.

"Mheshimiwa," akasema, na akapaza sauti ili neno lifike mferejini. "Amefanya kazi."

Griffins akabofya, akashukuru, akaruka mlango mmoja, akabisha wa pili. Ndivyo alivyokwenda, mlango huu anauliza, ule anaruka, na kwa kuwa ploti ina vyumba kumi na sita, walioulizwa walikuwa wanane. Muhonja akarudi nje kwenye meza yake, akajipigia hesabu huku akikanda unga. Saba watamtaja Mutheu. Mmoja akiteleza, pana hasara gani?

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Mutheu alishindwa kwa tofauti ndogo sana. Chama kiliwapa wagombea ripoti nzima, eneo kwa eneo, na kwenye ukurasa wa ploti yao paliandikwa: walioulizwa wanane, mheshimiwa wanane, Mutheu sifuri.

Salamu za pale uani zikawa fupi. Muhonja naye, badala ya kujitazama, akaanza kuwachunguza wenzake. Khalayi, jirani yake wa mlango wa pili, alikuwa na mtungi mpya wa gesi. Pesa alitoa wapi? Mbithi alionekana akiongea na Shiundu dukani, na alipomwona Muhonja akanyamaza. Tena pengine wote walikuwa waaminifu, na ripoti ndiyo ilipikwa, na mwongo ni yeye peke yake. Hilo la mwisho lilimnyima raha kuliko yote. Chapati zake zikaanza kuungua upande mmoja, na wateja wakasema.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Mutheu akawaita wale wanane chumbani kwake. Mezani paliwekwa karatasi iliyopigwa chapa, na chini yake mistari minane.

"Hiki ni kiapo," akasema. "Kila mmoja anaapa kwamba aliulizwa na akanitaja mimi. Wakili atakigonga muhuri kesho asubuhi, nipeleke kwa kamati ya rufaa ya chama. Watu wanane wakiapa hivyo na ripoti inasema sifuri, basi ripoti ni ya uongo na utafiti unarudiwa."

Mbithi alitia sahihi haraka, hata miwani hakuvaa. Khalayi akatia yake, akasonya, akasema hawa watu wametuzoea. Maingi alitia sahihi na kuipigia mstari chini. Muhonja aliitazama ile mikono mmoja mmoja, akitafuta inayotetemeka, asione hata mmoja. Saba walipomaliza, kalamu ikamfikia.

"Mutheu," akasema, "njoo nje kidogo."

Walisimama mlangoni, mlango wameurudisha, Mutheu ameichukua kalamu.

"Dada, mimi sikukutaja. Shiundu alikuwa pale, nikaogopa meza yangu. Nilisema mheshimiwa. Nisamehe. Na sidhani niko peke yangu. Ukipeleka karatasi ile kesho, utaaibika."

Mutheu hakushtuka. Alimtazama kwa macho makavu.

"Najua," akasema. "Nilikuwa hapo ndani, dirisha wazi. Nyote wanane mlijibu kwa sauti ili Shiundu awasikie. Mlidhani masikio anayo yeye tu?"

Muhonja akasema, "Ulituambia ni siri."

"Na wewe uliniambia utanitaja."

Mutheu akampa kalamu.

"Nimekuita kukuomba msamaha," Muhonja akasema.

"Msamaha umepata. Sasa tia sahihi."

"Kuapa uongo?"

"Hamkunitaja kwa mdomo, nitajeni kwa kalamu. Na usiwe na wasiwasi, hakuna atakayegeuka. Nimekaa mahakamani miaka ishirini. Mtu akishaapa uongo hawezi kurudi kusema kweli bila kujifunga mwenyewe. Wale saba ninao."

Alilisema hilo kwa upole, kwa sauti ile ile aliyowasomea barua zao miaka yote. Muhonja akaona anamtazama mtu ambaye hajawahi kumjua.

"Siku ile nilimwogopa Shiundu," akasema. "Leo nakuogopa wewe."

Akamrudishia kalamu. Mutheu akaipokea, akangoja kidogo kuona kama atabadilisha nia, kisha akaingia ndani. Alikuwa hajaufunga mlango vizuri, na Muhonja akamsikia akiwaambia wenzake, "Mama Laban amekataa kuapa. Sasa mnajua ni nani aliyemtaja mheshimiwa."

Wale saba, kila mmoja na lake moyoni, wakainamia sahihi zao.

"Huyo mimi," Khalayi akasema hatimaye, "nilikuwa nikimshuku tangu siku ya kwanza."