Kiboksi cha Bluu na Kiboksi cha Kijani

Mzee Mugeta alikuwa ameketi uani kwake Kabasa, mjini Bunda, mguu mmoja juu ya kigoda, akiubonyeza kwa kidole gumba karibu na kifundo. Kidole kikiondoka, shimo linabaki. Analitazama linavyojaa polepole, kisha anabonyeza tena, pembeni kidogo.

Ghati, mkewe, alikuwa anapepeta mchele karibu naye. Alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Baba Flora, hiyo sasa ni kazi gani?"

"Naangalia linavyojaa."

"Likishajaa?"

"Nitajua."

"Utajua nini?"

Mugeta akateremsha mguu wa kulia, akapandisha wa kushoto, ili aone kama nao una tabia ileile.

Ndivyo alivyokuwa. Alifanya kazi miaka mingi kama fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na hata baada ya kustaafu hakuweza kukiona kitu kinafanya vituko akakiacha bila kujua sababu. Pampu ya jirani ikikohoa, ataenda kuisikiliza. Kuku akitaga mayai yenye ganda laini, atauliza kuku huyo anakula nini. Sasa kitu chenye vituko kilikuwa mwili wake mwenyewe, na ingawa hakumwambia Ghati, hofu kidogo ilikuwa imechanganyika na ule udadisi. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vya kanisani vikakataa kuingia. Tena kulikuwa na kizunguzungu. Jumapili iliyopita watu waliposimama kuimba, alisimama nao, kanisa likamzunguka, akajikuta ameshika bega la mama wa benchi la mbele. Mama yule alidhani anasalimiwa.

Kwanza alishuku viatu, akashinda na kandambili. Miguu ikaendelea kuvimba. Akashuku chumvi, akamwomba Ghati apike dagaa bila chumvi kabisa, wakala wote wawili kwa nyuso za msiba. Miguu haikujali.

"Nafikiri ni dawa," alisema siku moja. "Nitaacha moja, nione."

Ghati aliweka chini sufuria aliyoishika. "Huo mwili siyo redio, Baba Flora. Huwezi kuchomoa waya uone kama itanyamaza. Ikinyamaza moja kwa moja je? Nenda hospitali."

"Nitaenda. Nataka niende nikiwa najua cha kusema."

Dawa zenyewe zilikuwa mbili, zote za presha. Ya kwanza, ya kiboksi cha bluu, aliandikiwa hapo hapo Bunda mwaka uliopita. Siku ile, kwenye dirisha la dawa la hospitali, waliambiwa dawa imeisha, wakanunue nje, na duka la kwanza waliloingia likawapa hicho cha bluu. Bei yake ilimfanya Ghati aulize mara mbili kama amesikia vizuri. Lakini cheti kilikuwa na mwandiko wa daktari na muuzaji alionekana ana uhakika, kwa hiyo walinunua, na tangu hapo Mugeta aliamini kwamba dawa ya presha ni hiyo na nyingine hakuna.

Ya pili, ya kiboksi cha kijani, ilitoka Butiama. Alikuwa amekwenda kumsalimia binti yake Flora aliyeolewa huko, kichwa kikamuuma, Flora akampeleka kituo cha afya kupima. Presha ilikutwa juu. Mganga alimuuliza kama kuna dawa anayotumia, Mugeta akajibu kuna ya bluu ameiacha nyumbani, jina lake limemtoka. Akaandikiwa dawa, Flora akaenda kuinunua, ikawa ya kijani. Kuanzia hapo Flora alijipa jukumu. Kila mwezi alituma kiboksi kwa mtu anayekuja Bunda, na ujumbe kwenye simu: baba, usiache dawa.

Mugeta hakuacha. Kila asubuhi alimeza ya bluu kisha ya kijani, akiamini kwamba moja inasukuma na nyingine inavuta.

Jirani yao Salum, fundi cherehani, alipoiona ile miguu alirudi kwake mbio, akaja na vidonge vichache ndani ya karatasi.

"Meza hivi, mzee. Vitakukojoza maji yote hayo. Mimi nilikuwaga na miguu kama hiyo, vikanimaliza shida."

Mugeta alikigeuza kidonge kwenye kiganja. "Hiki ni cha nini hasa?"

"Cha kuvimba."

"Kuvimba kunakosababishwa na nini?"

"Kuvimba ni kuvimba, mzee wangu!"

"Wewe walikwambia miguu imevimba kwa sababu gani?"

Salum alifikiri. "Walisema habari za moyo. Au figo. Kimoja kati ya hivyo."

"Na mimi bado sijui yangu ni nini," Mugeta alisema, akaikunja ile karatasi na kumrudishia kwa mikono miwili ili asimwudhi. "Asante sana, jirani. Kaa navyo, ndivyo ulivyoandikiwa wewe."

Wiki hiyohiyo alikwenda Musoma. Dada yake Rhobi, anayekaa Kitaji, alikuwa na mjukuu anayepata kipaimara, na hakuna aliyeruhusiwa kukosa. Kwa kuwa dawa zote mbili zilikuwa zinakaribia kuisha, Mugeta alitia viboksi vyote kwenye mfuko wa koti. Alipofika, Rhobi alimpokea mlangoni, akamtazama kuanzia usoni kwenda chini, akaishia kwenye kandambili.

"Kaka, hiyo miguu umeazima kwa nani?"

Hakumpa nafasi ya kueleza habari za chumvi. Kabla hata ya chai alimwonyesha duka la dawa lililokuwa mtaa wa pili, la binti mmoja aliyeitwa Sabiha. "Yule amesomea famasi. Na anasikilizaga watu. Nenda umwambie yote, usichague."

Sabiha alikuwa amevaa koti jeupe juu ya baibui, na dukani hapakuwa na mteja mwingine.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti. Naomba za bluu na za kijani, kama hizi." Akaviweka viboksi juu ya kaunta.

Sabiha alivichukua. Alitazama kimoja, akatazama kingine, kisha akatazama mikono iliyoviweka pale.

"Hizi ni za mtu mmoja?"

"Zangu zote."

"Unazitumia kwa kupokezana?"

"Hapana. Zote, kila asubuhi. Hata leo nimemeza."

Binti alitoka nyuma ya kaunta, akamvutia kiti. "Kaa kwanza, mzee. Unapatwa na kizunguzungu?"

Mugeta alishtuka. Hakuwa amemwambia habari za kizunguzungu. "Nikisimama. Umejuaje?"

"Na miguu nimeiona ulipoingia." Akampa vile viboksi. "Macho yako yanasoma?"

"Yanasoma."

"Basi nisomee. Siyo jina kubwa. Chini yake, pale pameandikwa kwa herufi ndogo."

Mugeta alivisogeza mbali, akavisogeza karibu, mpaka herufi zikatulia. Kwenye cha bluu, chini ya jina kubwa lililopambwa, kulikuwa na neno jembamba: amlodipine. Akalisoma kwa shida. Akachukua cha kijani. Jina kubwa lilikuwa tofauti kabisa, rangi tofauti, nembo tofauti. Chini yake neno jembamba: amlodipine. Pembeni, namba ya nguvu ya dawa ilikuwa ileile.

Alirudia kusoma cha bluu. Akarudia cha kijani. Kitu kikafunguka kichwani mwake.

"Kama beringi," alisema.

"Beringi?"

"Beringi za mashine. Zinatoka viwanda mbalimbali, kila mmoja na boksi lake na jina lake. Lakini fundi haangaliagi jina, anaangalia namba. Namba ikiwa moja, beringi ni ileile." Akavitazama viboksi. "Kwa hiyo siyo kwamba moja inasukuma na nyingine inavuta."

"Zote zinasukuma upande mmoja, mzee. Umekuwa unameza dozi mara mbili. Dawa hii ikizidi, presha inashuka mno na miguu inavimba."

"Na anayeuza kila moja ananilipisha."

"Hilo nalo."

Mugeta alicheka, kicheko cha mtu aliyepata alichokitafuta. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu alikumbuka lile bega la mama kanisani, akafikiria kama siku ile angekuwa juu ya ngazi, au anavuka barabara kuu pale Bunda. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nitupe ipi?"

"Leo usiongeze kidonge chochote. Lakini kusema ubaki na ipi na kiasi gani, hilo siyo la kuamua mimi na wewe hapa kwenye kaunta. Kuna kituo cha afya hapa karibu, Daktari Yusto yupo. Nenda na viboksi vyote viwili. Nitampigia simu ajue unakuja."

Daktari Yusto alimpima presha akiwa amelala, akampima akiwa amesimama, akakunja uso alipoona tofauti. Alichukua damu na mkojo wa kuangalia figo, akasikiliza moyo kwa muda mrefu, mpaka Mugeta akaanza kuwaza habari za Salum. Majibu yalipotoka, moyo na figo vilikuwa salama. Daktari alimwambia abaki na kiboksi kimoja tu, aanze kesho, kidonge kimoja kwa siku, na arudi kupimwa baada ya wiki mbili.

"Kitu kimoja sijakielewa," daktari alisema. "Wakati unakwenda Butiama ulikuwa na hii ya bluu tayari. Kwa nini presha ilikuwa juu?"

Mugeta alitazama ukuta. Ghati hakuwepo, na hakuna ambaye angemjibia. "Ilikuwa ghali, daktari. Nilikuwa nameza leo, kesho naruka. Ili kiboksi kifike mbali."

"Ulimwambia aliyekupima?"

"Hakuniuliza."

Daktari hakumgombeza. "Ungesema, asingekuongezea. Angekutafutia ya bei nafuu. Wengi wanaona aibu kusema hawana hela, wanaona bora waseme dawa haifanyi kazi." Akaandika cheti kipya. "Nimeandika hilo jina dogo. Ukifika dukani uliza: ya bei nafuu yenye jina hili ni ipi?"

Mugeta alirudi kwa Sabiha akauliza hivyohivyo, neno kwa neno. Alipewa kiboksi cheupe kisicho na mapambo yoyote. Jina dogo lilikuwepo, namba ilikuwepo. Bei ilikuwa ndogo kiasi kwamba alimwuliza kama amekosea. Hakuwa amekosea. Kwa bei ile angeweza kumeza kila siku, bila kuruka na bila kumsumbua mtu.

Miguu ilipungua taratibu. Alipokwenda tena Musoma kupimwa alivaa viatu vya kanisani, na Daktari Yusto akaridhika na namba alizoziona. Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi: kumwambia Flora. Hilo hakutaka kulisema kwenye simu. Akaenda mwenyewe Butiama.

Flora alisikiliza akiwa amesimama, mwiko mkononi. Baba yake alipomaliza, macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa nakuangusha. Kila mwezi najinyima, nakutumia kitu cha kukuangusha."

"Hapana, mama. Ulinunua ulichoandikiwa. Mimi ndiye sikubeba kiboksi changu nikaonyesha. Nilisema 'ya bluu', kana kwamba bluu ni jina la dawa."

Flora alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akakaa, akataka aonyeshwe hilo jina dogo. Alilisoma kwenye kiboksi cheupe, akauliza namba ina maana gani, akauliza kwa nini wasiliandike hilo kubwa na lile kubwa wakaliandika dogo. Mugeta alifurahi kumwona anauliza, ingawa swali la mwisho lilimshinda.

Mama mkwe wa Flora, bibi aliyeitwa Nyamburi, alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza yote. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo.

"Mkwe," alisema, "hebu nisomee na zangu."

Alifungua mfuko juu ya mkeka. Ndani hamkuwa na kiboksi hata kimoja. Vilikuwa vidonge vitupu, vingi vyeupe, vingine nusu, vingine vya manjano, vyote pamoja. Vya goti, alisema, na vya presha, na vingine alipewa na mdogo wake, na vingine hakumbuki, ila havijaharibika.

Vidole vya Mugeta vilianza kuvichambua vyenyewe, vidogo huku, vikubwa kule. Alichukua viwili vyeupe, akavielekeza kwenye mwanga. Vilikuwa na unene mmoja, mstari mmoja katikati. Alivigeuza, akavipima mkononi, akavinusa. Nyamburi alimsubiri kwa imani yote, na Mugeta alijua kwamba akisema neno lolote, bibi huyu atalifuata.

"Hivi siwezi, mkwe," alisema. "Havina maandishi, na mimi nilichojifunza ni kusoma tu. Kesho asubuhi tuvipeleke vyote kituoni, hivihivi vilivyo. Usitoe hata kimoja."

"Hata vya mdogo wangu?"

"Hivyo hasa."

Nyamburi alifunga mfuko kwa fundo lilelile. Hakuonekana kuridhika sana. Asubuhi walipotoka, yeye mbele na fimbo yake, Flora katikati, Mugeta nyuma akitazama jinsi bibi alivyokuwa anauburuza mguu wa kushoto, Nyamburi aligeuka ghafla.

"Mkwe, nikiulizwa nilikuwa nakunywa vingapi, niseme ukweli?"

"Useme."

"Hata kama nilikuwa nakunywa kulingana na ninavyojisikia?"

"Hapo ndipo uanzie," Mugeta alisema.