Taa Mahali pa Fyuzi

Fyuzi ya tatu iliungua mbele ya duka la chumvi, Zuleide akiwa ameshika maikrofoni, amefika pale pa kusema, "Tunasikitika kutangaza kifo cha..." Spika mbili zilizofungwa juu ya kombi zikakoroma mara moja, zikanyamaza. Watu waliosimama mlangoni wakabaki wanamtazama.

"Kifo cha nani, Dona Zuleide?"

"Mama Corina," akajibu kwa mdomo mtupu, na sauti yake haikuvuka hata barabara.

Mama Corina alikuwa mkunga wa Riacho do Umbu kwa miaka sitini. Alikuwa amekata roho alfajiri, na kwa joto la nyika ile kame ya Brazili, maiti hailali nyumbani siku ya pili. Mazishi yalikuwa saa kumi na moja jioni. Alikuwa ameacha ombi moja tu: jeneza lake libebwe na wale aliowapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Nao wengi walikuwa mashambani, huko Lagoa Rasa na Poço Fundo, ambako simu haijafika na habari ya msiba huletwa na kombi ya Zuleide. Kombi isiposema, watasikia kesho, kaburi limeshafukiwa. Zuleide mwenyewe alipokelewa na mikono ile, akiwa ametanguliza miguu.

Akageuza gari kwenda kwa Adauto, kaka wa marehemu mumewe, aliyekuwa akitengeneza redio chini ya kibanda cha bati nyuma ya nyumba yake tangu ujana. Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu. Jingine alilisaidia kwa kioo cha kukuzia alichokifunga kichwani kwa lastiki ya soksi.

"Shemeji, umekuja kuniposa au umeniletea kazi?"

"Nikupose na hayo meno mawili? Mama Corina ametutoka, shemeji. Na amplifaya inakula fyuzi."

Adauto akavua kofia, akaiweka kifuani. Kisha akaivaa tena, akaingiza kichwa chini ya kiti cha kombi, mahali amplifaya ilipolala, sanduku zito la chuma lenye umri wa miaka kumi na nane. Akatoka na fyuzi iliyoungua, ameishika kwa kucha mbili.

"Na hii karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara uliyoizungushia ni ya nini?"

"Ilikuwa inasaidia."

"Ilikuwa inasaidia kukuchoma wewe na kombi yako. Marehemu kaka yangu hakukufundisha kitu?"

"Alinifundisha nisije kwako mpaka nishindwe kabisa."

Adauto akacheka puani. Akatafuta katika makorokoro yake akapata balbu ya taa ya mbele ya lori, akaifunga nyaya mbili, akaziunganisha pale fyuzi inapokaa. Balbu yenyewe akaiweka ndani ya kopo la maziwa ili mwanga wa mchana usiifiche.

"Fyuzi ikiungua inakwambia mara moja tu, halafu basi," akasema. "Taa haichoki kusema. Kama kuna shoti, itawaka sana. Kama hakuna, itabaki giza. Washa."

Zuleide akawasha. Ndani ya kopo, giza.

"Basi ni nzima, niwekee fyuzi niende."

"Ilikuwa nzima pia ulipotoka kwako. Ya kwanza iliungua saa ngapi?"

Zuleide akakumbuka. Saa mbili alitangaza kwenye uwanja wa kanisa, bila taabu. Saa nne fyuzi ya kwanza. Saa tano ya pili. Ya tatu sasa hivi, jua likiwa utosini.

"Basi tusiilaumu mitikisiko ya barabara, tulilaumu jua," akasema Adauto. "Itoe kombi hapa kivulini, uiweke juani. Tusubiri."

Wakasubiri. Adauto akaleta kahawa na kipande cha sukari guru. Zuleide hakuvigusa. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa saba, na kila dakika aliiona ikienda na mtu mmoja wa Poço Fundo.

"Nitazunguka kwa mguu nipige kelele," akasema.

"Utafika mashamba mangapi? Kaa, shemeji. Angalia kopo."

Hapakuwa na kitu. Bati la kombi lilianza kulia tik, tik, kwa joto. Halafu, chini kabisa ya kopo, uzi wa balbu ukawa mwekundu, mwembamba kama unywele. Ukageuka rangi ya chungwa, ukawa wa njano, ukajaza kopo zima mwanga mweupe. Hakuna aliyegusa chochote.

"Chomoa waya wa spika ya kulia."

Akachomoa. Taa ikaendelea.

"Wa kushoto."

Taa ikazimika.

"Panda juu," akasema Adauto. "Mimi magoti yamekataa."

Zuleide akakunja gauni, akapanda. Bati lilimchoma viganja. Akaufuata waya wa kushoto kwa vidole, pole pole, kama mtu anayechagua mawe kwenye maharage, mpaka alipofika kwenye chuma cha kubebea spika. Pale palikuwa na waya wa seng'enge, umezungushwa mara nne na kukazwa kwa koleo. Aliujua ule mkazo. Ulikuwa wake. Mwezi wa sita, kwa maandamano ya mtakatifu, spika ililegea, naye akaifunga kama wanavyofunga kila kitu huko: lango, mpini wa ndoo, mguu wa kiti. Aliufunga pamoja na waya wa umeme. Jua lilikuwa limelainisha plastiki, seng'enge imezama ndani, na shaba ilionekana, imegusa chuma.

"Urudishe waya wa kushoto hapo chini, shemeji," akaita. Kisha akainua waya kwa kidole kimoja.

"Imezima," Adauto akasema kutoka chini.

Akauachia.

"Imewaka."

Akarudia mara ya tatu, si kwa haja, ila hakuamini kwamba mji mzima ulinyamazishwa na kitu kinachoinuliwa kwa kidole.

Walikata seng'enge, wakavisha waya kipande cha mpira wa baiskeli, wakazungusha utepe mweusi, wakafunga spika upya kwa kamba. Adauto hakuondoa balbu bado. "Sema kitu kwanza. Taratibu."

Zuleide akasogeza maikrofoni. "Corina Maria de Souto," akasema.

Juu yao spika zikalitoa jina lile, na ndani ya kopo mwanga ukapanda na kushuka na kila silabi. Akinyamaza, giza. Akisema, mwanga. Adauto akavua kioo chake.

"Miaka yote hii," akasema kwa sauti ndogo, "sijawahi kuijaribu kwa jina la mtu. Sema tena."

Akasema tena. Kisha Adauto akaweka fyuzi, ya kipimo chake, bila karatasi.

Saa nane na robo kombi ilikuwa Lagoa Rasa. Saa tisa, Poço Fundo. Zuleide alitangaza mpaka koo likakauka, na fyuzi ikakaa. Kwenye kioo cha pembeni cha gari aliona milango ikifunguka nyuma yake. Mwanamume mmoja akaacha ng'ombe katikati ya kumkamua, akaufuata moshi wa gari, ndoo ingali mkononi.

Saa kumi na moja barabara ya makaburini haikuonekana ardhi yake. Walikuwepo wenye mvi na wanaonyonyesha. Hakuna aliyeweza kubeba zaidi ya hatua tatu, maana mikono mingine ilikuwa inangoja, na jeneza lilipita juu ya vichwa kutoka kiganja hadi kiganja, kama linaenda lenyewe. Hakuna aliyelia kwa sauti. Ulisikia nyayo tu.

Zuleide akazima kombi, akakimbia. Alipolifikia jeneza, hapakuwa na nafasi ya kiganja. Akanyoosha mkono kati ya mabega mawili, akaligusa kwa ncha za vidole, likapita.