Kilele cha Bustanini

Mama Fundi alikuwa na hasira tangu siku ya pili ya matembezi, lakini hakumwambia mtu. Alizibana kama alivyozoea kubana pini midomoni wakati mikono ina kazi: huongei, hucheki, na unajihadhari usije ukameza.

Ufundi wenyewe ulikuwa wa marehemu mumewe, aliyeshona sare za shule na suti za harusi mpaka macho yakamgomea. Yeye alikuwa wa kutia vifungo na kukunja pindo. Mume alipotangulia mbele ya haki, watu waliendelea kumwita Mama Fundi, naye akaendelea kuitika.

Safari ilianza kwa simu ya mwanawe, wa pekee. "Mama, jiandae. Likizo hii tunakwenda mlimani wote. Mimi, mkweo, mtoto na wewe. Kazi yako kupumzika tu, sawa?"

Mlimani ni ule mji wa juu ambao watu hupigana vikumbo kuufikia kila msimu wa likizo. Mama Fundi alikuwa ameuona kwenye kalenda. Aliposikia kwamba sasa atauona kwa macho yake, alimshukuru Mungu hapo hapo, sufuria mkononi.

Alhamisi iliyofuata aliwaambia wenzake wa sala, waliokuwa wakikutana sebuleni kwake, cherehani ya marehemu ikiwa imesogezwa ukutani ili watu wapate pa kukaa. Kiongozi wao waliyemwita Spika, maana sauti yake ilisikika mpaka nyumba ya tatu, alipiga makofi.

"Basi umekuwa mjumbe wetu. Ukifika kileleni ututaje kwa majina, mmoja mmoja."

"Mungu anasikia hata jikoni," alisema Mama Fundi.

"Jikoni tumeshamchosha, mwenzetu. Nenda kamtafute mahali penye hewa."

Walicheka, na yeye akacheka, akaahidi. Ila jirani yake wa ukuta mmoja hakucheka. Alisubiri wenzake waondoke, akabaki anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Binti yake alikuwa na moyo mbovu tangu utotoni. Madaktari walishasema wampasue, na kila tarehe ikifika binti hujifungia chumbani, hataki.

"Nimemwambia unakwenda mlimani," jirani alisema. "Amenijibu, kama Mama Fundi atafika juu kabisa akanitaja, nitaingia. Maneno ya kitoto, najua. Lakini ndiyo mara ya kwanza amesema nitaingia."

"Mwambie nitafika," alisema Mama Fundi. Na kwake yeye neno lililokwisha kutoka mdomoni ni kama kitambaa kilichokwisha kukatwa. Hakirudi kwenye gora.

Hoteli ilikuwa nzuri, hilo hakulikana. Kulikuwa na zulia mpaka kwenye ngazi, na maji ya moto hayakatiki. Kitanda cha mtoto kilipelekwa chumbani kwake. "Ili bibi na mjukuu wazoeane," mkwe alisema akitabasamu. Mjukuu, ambaye baba yake alimwita Bosi, alikuwa ndio kwanza anaota meno, na analia kwa zamu zake mwenyewe. Dirisha la chumba lilitazama tangi la maji. Ukitaka kuuona mlima ilibidi upande juu ya kibao cha bafuni, ushike bomba, uchungulie kwenye kidirisha cha hewa.

Siku ya kwanza wazazi walikwenda kupanda farasi. Iliyofuata, maporomoko ya maji. Mama Fundi alichemsha chupa, alibadilisha nepi, alimbeba Bosi koridoni kwenda na kurudi, akapishana na wageni waliorudi na fimbo za kutembelea zenye maandishi na masweta mapya yenye picha ya mlima kifuani. Mhudumu wa vyumba alimtazama akamuuliza kwa upole kama ameajiriwa na familia ile siku nyingi.

"Mimi ndiye mama mzazi wa baba yake huyu," alijibu, na yule dada akaona haya akasingizia mashuka.

Jioni aliuliza, "Lini tunapanda, mwanangu?"

"Tutapanda tu, mama. Mbona haraka?"

Asubuhi yake walipanda. Wawili. Aliamka akakuta maziwa ya mtoto yamewekwa nje ya mlango, na ujumbe umeachwa mapokezi: Bosi hawezi baridi ya juu, na mama asisumbue magoti yake. Walirudi mchana pua zimewaiva kwa baridi, wanacheka, wanasema upepo wa kule unakaribia kung'oa nywele. Mama Fundi aliwasikiliza huku akifuta udenda wa mtoto. Zile pini midomoni zilianza kumchoma.

Labda mwanawe aliona kitu usoni pake, maana baada ya chakula alimshika mkono. "Njoo mama, na wewe tukupige picha."

Bustanini pa hoteli palikuwa na mawe ya saruji yaliyorundikwa, yamepakwa rangi ya kijivu na ncha zake nyeupe, na juu yake kibao: UMEFIKA KILELENI. Kilikuwa sawasawa na kibao cha juu mlimani, kiliwekwa kwa ajili ya wageni wazito na wavivu. Nyuma yake zilianikwa shuka za hoteli.

"Sogea kushoto, mama. Kidogo tena. Hapo, shuka zinaonekana kama mawingu."

"Hii ya nini?"

"Kumbukumbu tu."

Alisimama, maana ni mwanawe, na jua lilikuwa zuri. Akadhani ni picha ya bustani.

Simu ya jirani iliingia wakati wa chakula cha jioni, ukumbi umejaa, vijiko vinagonga sahani. Mama Fundi alisikia kilio kabla ya maneno.

"Nimeiona picha, mwenzangu. Mkweo ametutumia kina mama wote. Upo juu kabisa, na mawingu nyuma. Binti nimemwonyesha, ameishika simu muda mrefu, halafu amesema haya. Amekubali. Tarehe yake ni kesho, na tumeshalazwa hapa hospitali, wanamwingiza asubuhi mapema, wa kwanza. Mungu akuweke. Ulimtaja vizuri? Ulitaja na jina la baba yake?"

Mama Fundi alimtazama mwanawe aliyekuwa akikata nyama, na mkwe aliyekuwa akipuliza uji wa mtoto. Aliona mambo mawili kwa mara moja. Akisema ndiyo, amemdanganya mtu kwa jina la Mungu. Akisema hapana, yule msichana atavua gauni la hospitali na kurudi nyumbani, na safari hii hakuna atakayemrudisha.

"Jina lake litafika juu," alisema taratibu. "Mwambie alale."

Alikata simu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Nani ametuma ile picha?"

"Mimi, mama," mkwe alisema kwa furaha. "Nimewatumia wenzako wa sala na shangazi zake mume wangu wote. Watu wamefurahi, hujui tu. Shangazi mkubwa anasema laiti kila mama angepata mtoto kama huyu."

"Uliandika nini?"

Mkwe alisoma kwenye simu yake. "'Mama yetu kileleni. Mungu ni mwema.'"

"Mungu ni mwema," Mama Fundi alirudia. "Umemshika Mungu ukamsimamisha kwenye mawe ya saruji, ashuhudie uongo."

"Mama, taratibu," mwanawe alisema, macho yakizunguka meza za jirani. "Ni picha tu. Kila mtu anafanya hivyo."

"Kuna mtoto wa watu anapasuliwa kifua kesho kwa sababu ya hiyo picha tu."

Akawaeleza yote, kwa sauti ndogo, bila kuruka kitu. Mkwe alishika mdomo. Mwanawe akaweka uma chini.

"Sasa si amekubali? Si ndicho mlichokuwa mnataka? Mama, nisikilize. Kesho saa nne tunaondoka. Magoti yako unayajua. Omba hapa hapa, Mungu si kiziwi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

Hilo ndilo lililomkata maini. Kwamba mtoto anachukua sala alizofundishwa magotini pa mama yake na kuzifanya kisingizio cha uvivu.

"Nilikufundisha Mungu yuko kila mahali," alisema. "Sikukufundisha kwamba na mimi niko kila mahali. Nimesema nitakwenda, sikwenda. Umenileta kupumzika ukanifanya yaya. Nikanyamaza. Yaya na awe yaya, mjukuu ni wangu. Lakini kunifanya mwongo mbele ya wenzangu, hapo umevuka."

"Umekasirika bure, mama."

"Sijakasirika bure. Nimekasirika kwa sababu, na bado sijamaliza."

Alinyanyuka akaacha chakula.

Alfajiri, gizani bado, aligonga mlango wao. Mkwe alifungua akiwa amejifunga shuka. Mama Fundi alimkabidhi Bosi mikononi, na chupa, na mfuko wa nepi, kimoja baada ya kingine kama mtu anayekabidhi zamu.

"Mama, unakwenda wapi saa hizi?"

"Kazini kwangu."

Nje ya hoteli magari ya kupeleka watalii juu yalikuwa yamewasha injini. Dereva aliyevaa kofia ya sufu alimtazama viatu kwanza, halafu uso, halafu akamfungulia mlango wa mbele. Nyuma walikaa vijana wawili wapya katika ndoa, masweta ya aina moja. Barabara ilizunguka na kuzunguka, mji ukabaki chini kama vifungo vimemwagika. Gari lilipofika mwisho wa barabara dereva alisema, "Hapa ni miguu, mama. Shika kamba. Ukichoka, kaa, usione aibu."

Alichoka, na hakukaa. Magoti yalilalamika, akayaambia yasubiri. Pumzi ilimwishia, akavuta nyingine. Hasira alizozibana siku zote zile sasa alizifungulia, zikamsukuma mgongoni mwamba kwa mwamba. Kila hatua alikuwa na neno la mwanawe la kukanyaga: magoti yako, kila mtu anafanya, picha tu. Wale maharusi walimpita, kisha wakakaa kupumua, akawapita yeye.

Kileleni palikuwa na foleni. Watu walijipanga mbele ya kibao, wengine wanachana nywele, wengine wanabishana nani aanze. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Hapakuwa na cha kuona.

"Bibi, samahani, umeingia kwenye picha," kijana mmoja alimwambia.

"Nitoe basi," alisema, akapita.

Alikwenda pembeni, kwenye uzio wa waya, akafumba macho. Hakuna kilichokuja. Kila alipofungua mdomo kumtaja Mungu alimwona mwanawe akikata nyama. Akasimama hivyo, upepo unampiga kilemba, mpaka akakata shauri. "Baba," alisema kwa sauti, "nimekuja na hasira. Sina vazi lingine leo. Nipokee nazo."

Halafu akatoa simu, akampigia jirani.

"Bado hawajamwingiza?"

"Kitanda kiko mlangoni. Kuna nini?"

"Sikiliza, na usinikatishe. Ile picha ya jana haikuwa kileleni. Ni bustani ya hoteli. Nilisimama pale bila kujua itatumwa wapi. Sasa hivi nipo juu. Nimefika sasa hivi."

Upande wa pili magurudumu ya vitanda yalikuwa yakipita.

"Mama Fundi," jirani alisema. "Umenichezea na mtoto wangu?"

"Una haki ya kusema hivyo. Utanisema yote nikirudi, nitakaa chini nikusikilize. Saa hii mwekee simu sikioni."

Alidhani itakatwa. Alisikia kitambaa kikisugua, kisha pumzi za haraka haraka za mtu mwenye hofu.

"Bibi? Hapo ni kweli juu?"

"Sikia upepo."

Akainua simu juu ya kichwa, akaiacha huko, halafu akairudisha. Akamtaja yule msichana kwa jina lake, la baba yake na la mama yake. Akautaja moyo, akaitaja mikono ya daktari na ya muuguzi. Aliongea kama anavyoongea Alhamisi, bila kupamba. Foleni ya kibao ilianza kupunguza kelele, kwanza mmoja, kisha wengine. Yule kijana wa picha alivua kofia.

"Wanasema twende," msichana alisema simuni.

"Nenda."

"Usiondoke hapo, bibi."

"Siondoki."

Simu ikakatika. Alikuwa bado ameishika alipomwona mwanawe akitokea ukunguni, anahema kama mvuta mkokoteni, Bosi amefungwa kifuani kwa shali ya mkwe, nepi imelegea. Alisimama mbele ya mama yake, na mtoto akanyoosha mikono kwa bibi.

Mama Fundi hakumpokea.

"Mshike shingo vizuri," alisema. "Na umfunike masikio."

"Mama, nisamehe. Tushuke, gari linasubiri. Tunaondoka saa nne."

"Wewe utaondoka saa nne. Mimi nimesema siondoki mpaka wamtoe."

"Mama, hiyo inaweza kuwa mpaka jioni."

"Basi utajua jinsi siku inavyokuwa ndefu na mtoto mkononi. Na hapo ulipo, chukua simu yako. Waandikie shangazi zako na kina mama wote. Wewe, si mkeo. Waambie jana ilikuwa wapi."

"Watanionaje?"

"Kama ulivyo."

Alimpa mgongo, akashika waya wa uzio. Nyuma yake alimsikia akihangaika na mtoto na simu kwa pamoja, akinong'ona, akifuta, akiandika tena. Yeye akaanza na Spika, kisha mwingine, kisha mwingine, mmoja mmoja kama walivyoagiza, bila kumruka mtu. Majina ya kina mama yalipokwisha lilibaki la mwanawe. Alikaza kilemba kilichokuwa kikipigwa na upepo.

Halafu akalitaja, meno yakiwa yamebana.