Mistari Minne ya Chini

Siku ya tisa ya kungoja upasuaji, Gundi, fundi viatu, alimketisha mkewe kwenye benchi la hospitali, akamfunika shuka, akaenda dirishani.

"Karani, mama watoto leo yumo kwenye orodha?"

"Hayumo, mzee wangu. Naita ninaowaona kwenye skrini."

"Daktari kamwandika mbele ya macho yangu! Tumbo limevimba kama ngoma, huo upasuaji mnamwekea nani?"

Karani akabonyeza, ukurasa ukageuka. Hayumo. Walioitwa hawafutwi mpaka mwezi uishe, kwa hiyo kila jina hukaa palepale lilipoandikwa.

Siku hiyo fundi mitambo alikuwepo, kapiga magoti anafunga nyaya. Akahesabu mistari kwa kidole, akaguna.

"Baba, mkeo yumo. Yuko chini ya skrini."

"Chini ya meza?"

"Sikiliza. Skrini ikiwashwa hujitambulisha kwa programu: mimi ni aina fulani, nina mistari ishirini na minne. Programu haina macho, inaamini, inamimina yote. Hii ina ishirini tu. Kila ukurasa, minne ya chini inamwagika."

"Nani kaifundisha uongo?"

Fundi akashusha sauti. "Wakubwa. Walinunua hizi ndogo kwa bei ya kutupa, wakaniamuru niziandike jina la zile kubwa za zamani, karatasi zao zilingane."

Wakubwa, ambao wake zao hawajui benchi lile lina misumari mingapi. Gundi hakusoma, ila viatu anavijua: ukigonga muhuri wa namba saba kwenye kiatu cha namba sita, anayelia ni mguu, si aliyegonga.

"Basi rekebisha, mwanangu."

"Ni dakika mbili. Lakini bila sahihi ya mkuu nafukuzwa, na mkuu yuko semina mpaka Alhamisi."

"Karani, si umwite tu mama watoto?"

"Nisiyemwona siwezi kumchagua, mzee. Hata mshale ukishuka huko unapotea."

Mkewe akacheka kwa taabu. "Baba watoto, twende. Maisha yangu yote nimekaa mstari wa chini, leo ndiyo unashangaa?"

Jumatano akafariki.

Ijumaa Gundi alikuja kuchukua cheti cha kifo. Skrini ilikuwa imerekebishwa. Karani mgeni, wa zamu nyingine, akaita jina la mkewe aende upasuaji, kwa sauti safi, mara tatu.

Gundi akasimama, kofia mkononi.

"Asiyeitika tunamruka," karani akasema, akabonyeza.